Darasa lililosoma kwa sauti moja: kisa cha projekta kwenye gumbaru ya usiku, Lamu

Kisa hiki ni cha gumbaru moja, yaani darasa la kisomo la watu wazima, katika kijiji cha magharibi ya kisiwa cha Lamu, upande wa mikoko na mafundi wa majahazi, mbali na mahoteli ya Shela. Kijiji sitakitaja jina, wala mwalimu, wala wafadhili. Nimeona kiandikwe kwa sababu mara kwa mara hutokea mwenye nia njema akataka kupeleka projekta kwenye gumbaru, na swali lake la kwanza huwa betri itahimili saa ngapi. Betri ilihimili. Kilichoyumba ni kusoma kwenyewe, na kilichelewa kuonekana kwa sababu, kwa mtu aliyesimama mlangoni, darasa lilikuwa likisikika zuri mno.

Kabla ya projekta

Darasa lilikutana baada ya sala ya isha, katika chumba cha shule ya msingi ambacho umeme haukuwa umefika. Mchana haukufaa. Wanawake wa kijiji kile husuka ukili wa mikeka na vipepeo, na katikati ya kusuka kuna jiko, kuna maji, kuna watoto. Wanaume wako baharini au kwenye mbao za jahazi. Usiku ndio uliobaki, na usiku wa darasa lile ulikuwa na taa mbili za sola na kandili moja iliyotoa moshi zaidi ya mwanga. Vitabu vilikuwa haba. Watu watatu au wanne walizunguka kitabu kimoja, na aliyekaa upande wa juu wa kitabu aliziona herufi zikiwa miguu juu.

Mwalimu ni binti wa hapo hapo aliyemaliza sekondari. Wanafunzi wake wengi ni rika la mama yake na nyanya yake. Huwaita Mama na Bibi; wao humwita mwalimu wakiwa ndani ya chumba na mwanangu wakishavuka kizingiti.

Wengi wa wanafunzi hawa wanajua kusoma. Walisoma chuoni, yaani madrasa ya Kurani, utotoni na mpaka leo hufungua msahafu kila alfajiri. Huku kwetu si ajabu. Ng'ambo kidogo tu, kisiwani Pate, mji wa Siyu ulisifika kwa wanazuoni na kwa kunakili misahafu kwa mkono, na tenzi za pwani hii ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu tangu zamani, kabla hapajakuwa na shule ya serikali. Lakini ukimuuliza bibi kama huyo anajua kusoma, atakwambia, "Mimi? Sijui, mwanangu." Kenya imekuwa ikiendesha kampeni za kisomo tangu ile kubwa ya 1979, na utafiti wa kitaifa wa 2007 bado ulikuta asilimia 38.5 ya watu wazima hawajakifikia kisomo. Bibi huyu anajihesabu humo yeye mwenyewe, na mwalimu akipokea hesabu hiyo bila kuuliza zaidi, ataanza naye kana kwamba hajawahi kuona herufi maishani.

Kifaa kilipokuja

Wafadhili walileta projekta ndogo ya LED ya wati 40 hivi, paneli ya sola, betri ya volti 12, na memori kadi yenye masomo. Hoja yao ilieleweka kwa urahisi: mwanga mmoja mkubwa badala ya kandili, ukuta mmoja badala ya vitabu vingi.

Hoja hiyo ina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1963, katika mji wa Angicos kaskazini mashariki mwa Brazil, mwelimishaji Paulo Freire na wenzake waliwasomesha watu wazima wapatao 300 wakitumia projekta za slaidi. Picha iliwekwa ukutani kwanza ili watu waizungumze, kisha likaja neno, kisha neno likavunjwa. Mfano wake unaojulikana sana ni neno la Kireno la tofali, tijolo, lililokatwa ti-jo-lo na kila kipande kikaletewa ndugu zake: ta, te, ti, to, tu. Mwanafunzi akaambiwa aunde maneno yake mwenyewe kutokana na vipande hivyo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwa nini njia hiyo inatukaa vizuri. Lugha yetu imejengwa kwa silabi za namna hiyo hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la Kimarekani la Design that Matters lilitengeneza projekta iliyoitwa Kinkajou, jina la mnyama wa Amerika ya Kati na Kusini anayetembea usiku, mahsusi kwa madarasa ya usiku ya watu wazima vijijini Mali. Haikuwa na kompyuta. Kurasa zilipigwa kwenye mikrofilamu, kiasi cha kurasa 10,000 katika kaseti moja, zikamulikwa na taa ya LED iliyotumia betri yenye kuchajiwa kwa jua. Mwalimu alikuwa na kazi moja tu, kugeuza ukurasa. Baadaye projekta za kidijitali zilishuka bei na mikrofilamu ikabaki kumbukumbu, lakini ile Kinkajou ilikuwa na fadhila ambayo darasa letu lilikuja kuitamani: haikuweza kuonyesha sinema.

Yetu iliweza. Wiki chache baada ya kufika, darasa lilikuwa limejaa mpaka madirishani, na mwalimu alisifiwa kwa mahudhurio. Nusu ya waliohudhuria walikuwa wakingojea somo liishe, maana vijana walikuwa na memori kadi yao. Betri iliyotosha somo la saa moja na nusu kwa siku kadhaa ikawa inalala tupu asubuhi baada ya asubuhi. Wazee wa kijiji waliingilia, sinema ikapigwa marufuku, na idadi ikarudi pale ilipokuwa. Hilo ndilo tatizo lililopigiwa kelele kuliko yote katika kisa hiki, na ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote.

Sauti moja

Wanafunzi wa kweli walibaki, wengi wao wanawake, na walionekana wanakwenda mbio. Picha ya samaki inatokea, chini yake neno samaki, darasa zima linasema: sa-ma-ki. Picha ya mkeka, mkeka. Sentensi fupi nazo zilisomwa kwa pamoja, kwa mahadhi yale yale ya chuoni yanayomfanya mtoto akumbuke aya nzima hata kama mistari yake bado hajaifahamu. Mgeni aliyepita alirekodi kwa simu.

Dalili ya kwanza ilikuja masikioni, na mwalimu aliisikia mara nyingi kabla ya kuitilia maanani. Masomo ya kwenye memori kadi yaliandikwa Kiswahili cha vitabuni. Ilipotokea picha ya njia, ikiwa imeandikwa njia, darasa lilisema "ndia". Ilipotokea maji, likasema "mai". Ilipotokea mji, "mui". Hiyo ni lugha yao, Kiamu, na hakuna kosa ndani yake. Ila mtu anayezisoma herufi, hata akiwa wa Lamu kindakindaki, akifika kwenye nj atasita kidogo, kwa sababu jicho linamwambia jambo moja na ulimi umezoea jingine. Hapakuwa na aliyesita. Walikuwa wakiisoma picha.

Dalili ya pili ilikuwa karatasi. Mwalimu alinakili kwa mkono sentensi kumi ambazo darasa lilikuwa likizisoma ukutani bila kukwama, akampa kila mmoja karatasi yake na kuwasha taa. Chumba kikanyamaza. Mmoja akaisogeza karatasi mbali na uso. Mwingine akasema amesahau. Bibi mmoja, aliyewahi kupita gumbaru enzi za kampeni na kutoka na jina lake tu, alizisoma tano za kwanza kwa ufasaha kamili, isipokuwa kwamba karatasini mpangilio wa sentensi ulikuwa umegeuzwa naye alizisoma kwa mpangilio wa ukutani.

Wafadhili walipopewa habari walijibu kama ilivyotarajiwa: labda wanafunzi wanahitaji muda zaidi na projekta. Mwalimu alikataa, na nadhani hapo ndipo aliposema jambo la busara kuliko wote waliohusika. Alisema kabla ya kuongeza dawa anataka kujua ni ugonjwa gani.

Magonjwa matatu yaliyofanana

Ukimya wa karatasi ulikuwa na sababu zaidi ya moja, na kwa nje zote zilifanana: mtu ameshika karatasi na hasemi. Njia aliyotumia mwalimu kuzitenganisha haikugharimu kitu. Aliandika maneno yale yale ubaoni kwa chaki, herufi kubwa kama kiganja, bila picha na bila mpangilio, akamwita kila mmoja peke yake asome. Kisha akampa maneno hayo hayo kwenye karatasi, kwa herufi za kawaida za kitabu.

Waliokwama kote kuwili walikuwa hawajasoma kamwe. Walibebwa na sauti ya wenzao. Katika darasa la giza hakuna anayeona midomo ya mwenziwe. Sauti tatu nne zenye nguvu zinatosha kuendesha chumba kizima, na mwenye haya hujificha humo kwa raha. Pale kwenye kitabu cha watu wanne, angalau mwalimu aliona kidole cha nani kiko wapi. Projekta iliwaondolea wanafunzi ile shida ya kugombania kitabu, na kwa mkono ule ule ikamnyang'anya mwalimu kidole.

Lakini walikuwapo waliosoma ubaoni vizuri na kukwama karatasini. Hawa walikuwa kundi kubwa kuliko alivyofikiri, na karibu wote walikuwa wamepita miaka arobaini. Hapo suala si herufi tena, ni macho. Kuanzia umri huo hivi lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu wake, na vitu vya karibu huanza kuwa ukungu. Huja kwa kila mtu, msomi na asiye msomi. Tofauti ni kwamba karani huligundua mapema kwa sababu ya kazi yake, na mwanamke wa kijijini hulizunguka. Mwalimu aliwauliza nani siku hizi humwita mjukuu amtungie uzi kwenye sindano, na mikono iliyoinuka ilikuwa ya wale wale. Msahafu wao je? Aya wanazozirudia kila siku wamekwisha kuzihifadhi. Jicho linafuata tu.

Kwa watu hao projekta ilikuwa neema ya kweli. Ilikuwa imewapa herufi wanazoweza kuziona. Wachora mabango wana kanuni yao, kwamba kwa kila mita 3 za umbali herufi iwe na urefu wa sentimita 2.5; kwa chumba kile, aliyekaa nyuma kabisa mita 6, sentimita 5 zilitosha, na ukutani zilikuwa zaidi ya hapo. Ila hakuna atakayesoma cheti cha dawa ukutani. Dawa yao ni miwani ya kusomea, ile ya kawaida ya namba moja na nusu, mbili, mbili na nusu, inayouzwa hata barabarani. Kwa shauri langu, darasa lolote la gumbaru linalopewa projekta lipewe kwanza kasha la miwani, na likipewa miwani peke yake bila projekta, halijapunjwa.

Kundi la tatu ndilo lililonivutia zaidi. Hawa walisoma ubaoni na karatasini, polepole, lakini walikosea kwa utaratibu. Pete waliisoma "piti". Toa ikawa "tua". Na siku moja, kwenye sentensi kuhusu samaki wa kuuza, mama mmoja akasoma samaki wa kuoza, akacheka kabla ya wote. Mwalimu alipoandika makosa yao upande upande alikuta hayako kiholela: ni e na i, o na u, na hayatoki nje ya hapo. Hao walikuwa wasomi wa msahafu. Maandishi ya Kiarabu yana alama tatu za irabu fupi, fat-ha, kasra na dhamma, na Kiswahili kina irabu tano. Mtu aliyefundishwa tangu utoto kwamba e na i zina alama moja, na o na u zina alama moja, akikutana na herufi mbili mahali pa alama moja, huziunganisha. Hata p aliifikiria mara mbili, kwa kuwa Kiarabu hakina p, na waandishi wa zamani wa pwani iliwabidi waitafutie namna yake.

Wanafunzi hao walikuwa wakifundishwa a, e, i, o, u pamoja na watu wasiojua herufi ni nini, na walikuwa wakichoka. Tayari wanajua kwamba alama inabeba sauti, kwamba sauti hushikana, kwamba mstari una mwanzo na mwisho. Walichohitaji ni kuonyeshwa irabu mbili za ziada na kuzoea kuanza kushoto. Mwalimu aliwatengenezea slaidi za jozi: pita na peta, tua na toa, uza na oza, bila picha yoyote. Hapa projekta ilifanya kazi ambayo kitabu kingeshindwa, maana aliweza kubadilisha herufi moja mbele ya macho yao na neno likageuka. Kwa mbali hilo ndilo somo lililokwenda kasi kuliko yote.

Giza na kalamu

Kuna mgongano ambao hakuna maelezo ya kifaa yanayoutaja. Projekta inataka giza. Kalamu inataka mwanga. Darasa linalotazama ukuta kwa saa nzima gizani haliandiki, na mtu mzima asiyeandika husahau haraka, kwa sababu mkono wake hauna kumbukumbu yoyote ya umbo la herufi. Kwa miezi madaftari ya darasa lile yalikaa meupe.

Mwalimu aliligeuza jambo hili kwa kuhamisha picha kutoka kwenye shuka jeupe la ukutani kwenda kwenye ubao wenyewe. Ubao mweusi hunywa mwanga, kwa hivyo aliacha picha na kuonyesha herufi nyeupe nene kwenye slaidi nyeusi, zikaonekana. Mwanafunzi huitwa mbele, hushika chaki na kupita juu ya herufi za mwanga. Akimaliza, projekta inazimwa, taa zinawashwa, na neno linabaki ubaoni kwa chaki, limeandikwa na mkono wake. Wengine hulinakili daftarini, na yule aliyeandika hulisoma peke yake.

Kuna vijambo vidogo vya ufundi hapo. Anayeandika husimama kwenye njia ya mwanga na kivuli chake humeza neno, kwa hiyo projekta ilitundikwa juu ya boriti, pembeni kidogo, badala ya kuwekwa mezani. Anayeonyesha neno hutumia ufito mrefu akiwa ubavuni. Feni ya projekta hunyonya chumvi na mchanga wa pwani, vumbi likijaa joto hupanda, na katika projekta za bei nafuu joto hilo huacha doa la manjano katikati ya picha ambalo haliondoki. Baada ya somo inakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Msimu wa mvua wadudu hufuata mwanga na kutembea juu ya herufi, na hilo halina dawa isipokuwa subira.

Masomo ya memori kadi yaliondolewa mengi. Yalikuwa na mahindi, ng'ombe wa maziwa na milima. Mahali pake mwalimu alipiga picha kwa simu yake: majina yaliyochorwa kwenye omo, yaani sehemu za mbele, za majahazi, karatasi ya dawa yenye moja mara tatu, bango la gati la Mokowe upande wa bara, ujumbe wa M-Pesa. Huo wa M-Pesa ndio ulioleta watu wapya, maana anayesomewa ujumbe wa pesa na mwingine hana siri. Mara ya kwanza mwalimu alionyesha ujumbe halisi wa simu ya mwanafunzi aliyejitolea, na asubuhi yake kijiji kizima kilijua salio la mama wa watu. Tangu hapo hutunga ujumbe wa uongo, wenye majina ya paka.

Wanaume, wanawake na mwezi

Mwanzo darasa lilikuwa la mchanganyiko. Chini ya kandili hakuna aliyesema neno. Chumba cha giza ni habari nyingine, na wanawake kadhaa waliacha kuja bila kutoa sababu, mpaka mzee mmoja alipomwendea mwalimu, akamsalimu masalkheri, akazunguka kwa adabu kwenye habari za mvua na samaki, kisha akasema. Madarasa yakatengwa. La wanawake likahamia kwenye ua wa nyumba moja, ambako kuta zimepakwa chokaa nyeupe na hakuna haja ya shuka. Walikuja na watoto, na watoto wanaosoma shule walitamka kila neno kabla ya nyanya zao, jambo lililozima somo mara nyingi kuliko betri. Sasa mtoto anayejibu hupewa kazi ya kushika ndoo ya projekta nje ya mlango.

La wanaume lilishindikana kwa ratiba ya Jumatatu na Jumatano. Wavuvi wanaovua kwa taa hutoka usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi ikiwa kubwa. Kalenda yao ni mwezi, na wiki ya shule haiwahusu. Likapangwa basi kuanzia kama siku ya kumi ya mwezi mwandamo hadi ya ishirini, nje, mbele ya tanga kuukuu la merikani lililofungwa kati ya minazi miwili.

Watu wengi walidhani mbalamwezi itaiua picha. Hesabu inakataa. Kwenye sanduku la projekta ya bei nafuu huandikwa maelfu ya lumeni, kipimo cha wingi wa mwanga, lakini kipimo cha kuaminika ni cha ANSI, shirika la viwango la Marekani, ambapo mwanga hupimwa sehemu tisa za picha na kutolewa wastani, na kwa kipimo hicho vifaa vingi vya aina hii hushuka mpaka kwenye mia moja, mia mbili. Chukua mia moja. Ukizitandaza kwenye picha ya mita 1.5 kwa 1, kila mita ya mraba hupata karibu lumeni 67. Mwezi mpevu hautoi zaidi ya 0.3. Kinachoiua picha ni tamaa ya ukubwa: ivute mpaka mita 3 kwa 2 na mwanga hushuka hadi robo, chini ya 17. Kingine ni taa ya sola ya mtu anayetafuta viatu vyake karibu na tanga. Kusi likivuma, tanga hupepea na herufi hucheza. Hapo wanaume husoma kwa kukisia, na kwa vile wamezaliwa kwenye matanga, hulikaza kwa mafundo ambayo mwalimu hajui kuyafungua.

Darasa la wanaume bado halijatengemaa. Miwani wanaikataa, wakisema ni ya wazee, na waliosema hivyo wana wajukuu. Wanawake waliichangia wenyewe kwa zamu, jozi chache zinazopita mkononi hadi mkononi, na huo si utaratibu mzuri kwa kuwa namba za macho hazifanani.

Kwenye ua wa wanawake projekta huwashwa dakika kama ishirini kwa usiku. Muda uliobaki ni taa, daftari, na mtu mmoja mmoja akisoma wengine wakiwa kimya. Wafadhili walipoona matumizi yameshuka hivyo waliandika kuuliza kama kifaa kimeharibika. Mwalimu aliwajibu kuwa ni kizima, akaomba miwani ya kusomea, namba moja na nusu hadi tatu.